Viazi vya Klabuni

Nyumbani, Jumapili, 1 Juni

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Kesho, dereva wa lori la mbao. Nilimuuliza itakufikia lini, akanijibu jibu lake lile lile. Kwa hiyo ikichelewa usinilaumu mimi, mlaumu yeye na jina lake.

Huku hatujambo. Chiriku amepanda darasa na sasa yumo kwenye darasa langu mwenyewe. Tangu siku hiyo sina raha. Nyumbani ananiita Mama, shuleni ananiita Mwalimu, na kote kuwili hanyamazi. Anasema yeye, mjukuu wako, angekuandikia barua nzuri kuliko mimi, kwani mimi naandika kama ninayeandika ubaoni.

Nina ombi. Mwezi huu Klabu ya Askari Wastaafu inatimiza miaka thelathini. Mwenyekiti wa sasa, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtoto wa marehemu mpishi wa kikosi chenu, ameniomba niandike historia ya klabu. Ni kitabu chembamba tu, cha kusomwa siku ya sherehe. Nikaitikia haraka haraka, na sasa ndio naona mdomo umeniponza.

Kila ninayemuuliza ana lake. Wanakumbuka viti mlivyoazima watu misibani bila kuuliza vitarudi lini. Wanakumbuka bendi yenu iliyopita mitaani ikipiga faulo kila noti ya tatu. Lakini zaidi ya yote wanakumbuka mipira. Mama mmoja wa sokoni ameniambia mpira wa matambara wa mwanawe ulivuka ua wa nyuma ya klabu, na kabla mtoto hajafungua mdomo kulia, Koplo wenu akamkabidhi mpira mpya wa ngozi. Mwingine mbuzi wake alipenya humo asionekane tena, mkamlipa mbuzi aliyenona kuliko wa kwanza. Mlikuwa na roho hizo tangu lini? Maana mimi peni ya Baba Mkubwa nilikuwa siruhusiwi hata kuishika.

Halafu kuna mchezo wa Jiwe. Mimi nimeucheza, Chiriku anaucheza, hakuna mtoto wa mji huu asiyeujua. Mzee Tarumbeta wa bendi yenu anapiga ule mlio wake mkali mara mbili, watoto wote wanaganda pale pale walipo. Kisha wanarudi kinyumenyume kimya kimya, mikono mitupu, kila mmoja akikanyaga nyayo zake mwenyewe, na asiyekosea anapewa peremende. Nani aliubuni? Na kwa nini klabu mkaijenga kule pembeni, mgongo wake ukitazama majani matupu, ilhali barabarani viwanja vilikuwa tele?

La mwisho ni la Baba. Nataka apate ukurasa wake. Najua alifariki akichimba kisima cha klabu, nami nikiwa mtoto wa mgongoni. Hicho kisima kiko wapi? Nimezunguka klabu nzima sijakiona.

Tarumbeta yupo, ila kumbukumbu zake siku hizi zinakatika kama umeme. Koplo hajambo, anakusalimu sana.

Mimi mwanao,
Mwalimu


Kambi ya mbao, Jumamosi, 7 Juni

Mwanangu Mwalimu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea kando ya msumeno mkubwa, mahali ambapo vijana wote huziba masikio isipokuwa mimi. Binamu yako kaniweka hapo niwe nakagua mbao, na hiyo ndiyo faida pekee niliyowahi kuipata kwa uziwi. Waliponibandika jina la Sikio walidhani wananicheka. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu halisikii hata msumeno.

Historia unaitaka, ipokee. Vita vilipokwisha tulirudi kabla ya watu wengine. Mji ulikuwa kimya mpaka mtu akajisikia anavyopumua, maana siku zile nilikuwa bado nasikia. Milango hakuna, mabati hakuna, paka tu. Tulikaa kwenye jengo lile la mwisho kwa sababu ndilo lililobaki na paa. Meza yetu ya kwanza ilikuwa masanduku ya risasi. Baadaye watu wakaanza kurudi, magodoro kichwani, wakiangalia kila kona kwa wasiwasi. Mtoto akiangusha sufuria, mtaa mzima unalala chini. Tukaona watu hawa wakipata hofu nyingine hata ndogo watafungasha tena na hawatarudi. Basi tukawa watu wa kuwatoa hofu. Tulipiga ngoma na matarumbeta vibaya makusudi ili wacheke. Msiba wa kwanza ulipotokea tukabeba viti. Hiyo ndiyo kazi ya klabu, na hiyo ndiyo uandike.

Mengine uliyouliza ni madogo. Mpira ni mpira tu, tulikuwa nayo mingi. Jiwe ni mchezo, andika ni mchezo. Kisima kilifukiwa. Baba yako alikuwa na mikono mizuri kuliko sisi sote, mepesi, haitetemeki, andika hivyo. Nyuma ya klabu hakuna historia, kuna majani, na majani hayaandikwi kitabuni.

Ukiwa na shaka juu ya jambo lolote la kule nyuma, usiulize mtu mwingine ila Koplo. Maadamu Koplo yupo na anauzunguka ule ua kila asubuhi, mimi huku napata usingizi. Mwambie, Sikio anaulizia ua. Atakuelewa.

Mbusu Chiriku. Mwambie barua yake naisubiri.

Baba yako mkubwa,
Sikio


Nyumbani, Jumatatu, 16 Juni

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na wewe leo nimekukamata! Eti nyuma ya klabu hakuna historia. Kumbe ndiko kwenye historia nzuri kuliko zote, na mzee mzima ukaamua kunificha.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Tarumbeta. Alikuwa mezani anapangusa tarumbeta lake kwa soksi. Nikamuuliza kule nyuma kulikuwa na nini, akacheka kama kijana. Akaniambia, "Kule ni viazi, binti yangu. Tulikuwa tunavuna viazi kila kiangazi. Mimi, Sikio, mdogo wake Sikio, na Koplo. Tunavuna kwa mikono, polepole, tumelala kifudifudi. Hatukumaliza. Vimebaki vingi kupita lile jiwe jeupe." Nikamuuliza kwa nini kifudifudi, akasema ukisimama unaviharibu. Nikamuuliza mlivipeleka wapi, akasema mtoni. Nadhani mlikuwa mkivisafisha huko. Kisha umeme ukakatika, akaniuliza mimi ni nani na kama nimeleta sabuni.

Nimelia, Baba Mkubwa, sikufichi. Nilipata picha ya Baba amelala kifudifudi kwenye udongo na wewe kando yake, mnatafuta viazi vya kuwalisha watu waliorudi na magodoro. Nikaandika sura nzima. Nikaipa jina "Shamba la Askari". Ijumaa nikaisomea kamati, na Mwenyekiti akatoa leso. Papo hapo akasema sherehe haitakuwa ya hotuba tupu, shamba litafufuliwa. Jumamosi hii tarehe 21, asubuhi, watoto wa shule wataingia na majembe, darasa langu mbele. Vijana wa dukani kwake wameshaondoa waya wote wa ule ua mkuukuu na nguzo zake. Kumefunguka, kunapendeza, hungeamini kama ni kule kule. Atakayechimba kiazi cha kwanza kilichobaki tangu enzi zenu atapewa baiskeli na Mwenyekiti. Chiriku ameshanoa jembe lake. Anafanya mazoezi uani kwangu, amenichimbulia maua yote.

Sasa lipo jambo nililokuficha, na nimechoka kulibeba. Koplo hatunaye. Alifariki mwaka jana, kifua. Daktari wako aliandika usipewe habari za kushtua moyo, na binamu yangu akakubali tunyamaze. Nikawa nakuandikia salamu zake kila mara. Ulipoandika kwamba unalala usingizi kwa sababu yake, nilishindwa kula. Nisamehe. Alikufa vizuri, nyumbani kwake, watu wakiwepo, ila siku za mwisho alikuwa akidai apelekwe kuzunguka ua, na sisi tukimtuliza.

Kesho anasubiri nje na injini inanguruma. Njoo kwenye sherehe ukiweza.

Mimi mwanao,
Mwalimu


Kambi ya mbao, Alhamisi, 19 Juni

Mwalimu,

SIMAMISHENI. Mtoto yeyote asiingie nyuma ya klabu. Hata mmoja. Hata hatua moja. Soma mstari huu kwanza na umpeleke mtu akakae pale, ndipo uendelee kusoma.

Viazi si viazi. Ni mabomu ya kutegwa ardhini. Maadui walioukimbia mji waliyapanda kule nyuma walipokuwa wakiondoka, kuanzia ukutani mpaka korongoni. Tulikuwa tunayachimbua sisi na kuyazamisha mtoni. Neno tuliliokota ili tuweze kusema mbele za watu. Mke anamuuliza mumewe anakwenda wapi, anajibu kuvuna viazi. Tungesema bomu, mji mzima ungefungasha siku hiyo hiyo.

Wataalamu wa jeshi walikuja mara moja, wakapitisha vyombo vyao siku mbili, wakasema pamesafishwa. Hapakusafishwa. Tuliwaandikia, wakajibu pamesafishwa. Ndipo tukaanza wenyewe, kiangazi baada ya kiangazi, mpaka tukafika kwenye jiwe jeupe. Hapo tulikoma. Kabla ya jiwe jeupe tulivuna, ingawa siwezi kuapa. Kupita jiwe jeupe hatukugusa kitu. Tukajenga ua, tukaifanya klabu iwe lango, na Koplo akawa anauzunguka kila asubuhi.

Mpira haukuwa mpira tu. Tulimpa mtoto mpira mpya ili asiufuate wa zamani. Umeelewa? Mbuzi vile vile. Jiwe halikuwa mchezo.

Simu ya kambi imekufa tangu mvua ilipoangusha nguzo. Kesho anaondoka sasa hivi. Nimemwambia akifika kesho kweli safari hii nitamwita jina lolote alitakalo.

Nilidhani Koplo yupo. Nisingenyamaza kama ningejua hayupo.

Sikio


Mtoni, ndani ya lori, Ijumaa, 20 Juni

Mwanangu,

Barua ya jana nimeiweka ndani ya hii. Sikuweza kubaki kambini. Nilipanda lori na barua mkononi, binamu yako akinishika koti, moyo na daktari wake tukawaacha nyuma. Tumefika mtoni, maji yamefunika daraja la magari. Kuna kile kidaraja cha miguu cha kamba, lakini miguu yangu hainifikishi mjini kesho wala keshokutwa. Kesho alitaka kuvuka akimbie, ila amepatikana muuza maziwa mwenye baiskeli, anasema ataibeba begani mpaka ng'ambo kisha atapanda. Naandika anaposhusha madumu yake. Amenihakikishia atakuwa kwenu asubuhi. Sijui kwenu asubuhi ni saa ngapi, wala ninyi mnaanza saa ngapi. Hukuandika saa. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta saa, haipo.

Nisikilize. Ukikuta wameshaingia, usipige kelele. Mtoto akisikia kelele za mama yake hukimbia kumfuata, na hukimbia popote. Mtafute Tarumbeta. Apige Jiwe. Ndiyo kazi ya mlio ule, kumgandisha mtu aliyeingia asikokujua na kumtoa kwa nyayo zake, kwa kuwa mahali ulipokwisha kukanyaga ukabaki mzima panaweza kukubeba tena. Mikono mitupu, maana mwenye mzigo haoni miguu yake. Peremende ilikuwa ya kuwafanya waupende mchezo. Tulijua siku moja ua utaanguka na sisi hatutakuwepo, lakini watoto wapo siku zote. Ikiwa Tarumbeta amesahau, mpe tarumbeta mdomoni umwache. Kichwa kinasahau, mdomo huenda haujasahau. Sina tumaini jingine la kukupa.

Na baba yako. Hakuna kisima, hakikuwahi kuwepo. Ilikuwa kwenye jiwe jeupe, mimi nikiwa nyuma yake. Kiazi alichokishika kilikuwa na cha pili kimepangwa chini yake, hila tusiyoijua. Masikio yangu yalibaki hapo hapo pamoja naye. Cha mwisho nilichosikia maishani ni yeye akiniambia, "Kaka, hiki kina mwenzake." Baada ya hapo tuliacha kuvuna. Mama yako aliomba wewe usijue, alisema mtoto hawezi kulelewa karibu na mahali kama pale akijua. Akafa na siri yake, nami nikaishika kama amana. Mficha maradhi kilio humuumbua, nalijua hilo tangu utoto, na bado nilificha.

Unajua kinachonimaliza? Nimekaa hapa kwenye kiti cha mbele namwangalia Kesho usoni. Yeye anasikia. Kila anapogeuza shingo kutazama upande wa mji nafikiri amesikia kitu. Nimemshika mkono, nimemuuliza, umesikia nini? Anatikisa kichwa. Anageuka tena. Mji uko mbali, hata mwenye masikio hawezi kusikia kutoka hapa, najua. Lakini naogopa, mwanangu. Vitani sikuogopa hivi. Kule nilikuwa na mwili wangu tu wa kuuogopea.

Muuza maziwa amevuka. Hapana, ananingoja. Chukua.

Sikio


Nyumbani, Jumapili, 22 Juni

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Watoto wote ni wazima. Nimeliweka hilo mbele kama ulivyoweka lako. Wote, na Chiriku pia. Muuza maziwa anarudi leo na barua hii, natumaini bado mko ng'ambo.

Tulianza mapema kwa sababu Mwenyekiti alitaka watoto wachimbe kabla ya jua kali. Barua zako zilikuwa bado njiani. Tulimleta Tarumbeta kwenye kiti chake, tukamweka ukutani kwenye kivuli na tarumbeta mapajani, kwa heshima tu, apigwe picha. Alikuwa anasinzia. Mwenyekiti alihutubia, akasema maneno yangu mwenyewe, "ardhi iliyowalisha waliorudi", watu wakapiga makofi. Kisha mimi, mimi mwenyewe Baba Mkubwa, nikapuliza filimbi ya shule na kuwaambia watoto waingie.

Waliingia wakikimbia. Wote walitaka baiskeli. Chiriku alikuwa na akili yake, aliwaacha wenzake wakianza kuchimbachimba pembeni, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye jiwe jeupe, akalizunguka, akapita. Tarumbeta alikuwa ameniambia vimebaki kupita jiwe jeupe, mimi nikaandika kitabuni, na yeye alikuwa amesoma. Nilimwona anatafuta pa kuanzia. Akainua jembe.

Ndipo mlio ukapigwa, mara mbili. Sikujua umetoka wapi. Ulikuwa mkali kuliko nilivyowahi kuusikia, na watoto wote wakaganda. Chiriku aliganda jembe likiwa juu ya kichwa chake. Kisha wakaanza kucheka, wakaweka majembe chini wakaanza kurudi kinyumenyume kama kawaida. Mwenyekiti alikasirika, akaita, "Mzee, siyo sasa! Michezo baadaye!" Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa natafuta filimbi yangu niwarudishe kazini.

Walikuwa wamebaki wachache ndani wakati baiskeli ilipoingia. Yule mtu alikuwa ametapakaa tope mpaka kwenye nywele. Hakusalimu, alinitia bahasha mkononi na kusema, "Mzee wa lori amesema usome umesimama." Niliona SIMAMISHENI. Niliona mabomu. Niliinua macho nikamwona mwanangu yuko peke yake kule, ndio kwanza anafika kwenye jiwe jeupe, mgongo wake kwangu.

Nilitaka kupiga yowe. Lakini ndipo macho yangu yalipoangukia mstari wako kwamba usipige kelele, na sijui kama niliusoma au niliuokota tu. Nikaziba mdomo kwa barua. Chiriku anageuza shingo, anatafuta alama ya kiatu chake kwenye majani, anaipapasa kwa kidole cha mguu, anaweka. Majani yalikuwa yameanza kuinuka. Mahali pamoja alikosa, akabaki na mguu mmoja hewani, akayumba, akaniangalia kuniuliza kwa macho. Katika mchezo ni mwiko kusaidiwa. Nilitabasamu, Baba Mkubwa. Sijui nilikitoa wapi kile kitabasamu. Akaupata unyayo wake, akauweka.

Mwenyekiti alikuwa anavua viatu vyake vya sherehe ili aingie mwenyewe akawaonyeshe watoto kwamba ni wakati wa kuchimba. Nilimkamata koti, nikalichana mgongoni mpaka chini. Alisoma barua akiwa amesimama, kisha akaketi chini, kisha akaruka juu tena na kuniuliza kama pale alipoketi pamesafishwa. Hakuna aliyecheka.

Chiriku alipotoka nilimshika nikashindwa kumwachia. Akasema, "Mwalimu, unaniumiza. Nimeshinda? Sikukosea." Nikamwambia ameshinda. Akadai peremende, hapakuwa na peremende, ndipo akalia.

Nilimwendea Tarumbeta nikapiga magoti. Nilitaka kumshukuru. Tarumbeta lilikuwa mapajani mwake, na mdomo wake ulikuwa na damu kidogo pale lilipombana. Aliniangalia kama mgeni. "Nani kapiga Jiwe?" aliniuliza. "Watoto wamerudi wote?" Nikamwambia wote. Akasema vizuri, akasinzia.

Sasa niseme langu. Nina hasira nawe, na hasira hiyo haijui ikae wapi kwa sababu barua yako ndiyo iliyonifunga mdomo pale. Miaka yote hii nimempelekea Baba maua kando ya bomba la maji la klabu, nikidhani kisima kilikuwa karibu na hapo. Ungeniambia nilipokuwa msichana ningelia nikanyamaza. Badala yake nimeandika sura nzuri, nimewapulizia watoto arobaini filimbi. Wewe ulificha ili tusiogope. Na mimi nilimficha Koplo ili wewe usiogope. Tulikuwa tunatunzana, hivi ndivyo watu wanavyotunzana hapa kwetu, na ulibaki unyayo mmoja tu tumpoteze mtoto.

Siwezi kulala. Wazazi walikuja jioni, mmoja mmoja, wanauliza kama uani kwao pako salama, kwenye njia ya shule je. Familia mbili zimefunga mizigo. Waya umerudishwa, vijana wa Mwenyekiti waliusimika wakitazama kila wanapokanyaga.

Jembe la Chiriku liko kule kule, kupita jiwe jeupe. Mpini unaonekana kutoka dirisha la darasa langu. Kesho asubuhi nitafundisha hesabu nikiwa nimeupa mgongo.

Mwanao,
Mwalimu


Mtoni, Jumatatu, 23 Juni

Mwanangu,

Kesho aliisoma barua yako kabla yangu, mstari wa kwanza tu, akanigeukia na uso wake wote ukiwa umefunguka, na mimi nikajua kabla sijashika karatasi. Nililia mbele ya madereva. Nikakaa na barua mapajani mpaka jua likazama.

Maji yamepungua. Tutavuka leo walinzi wa daraja wakikubali. Nitakaa klabuni, chumba cha zamu cha Koplo. Asubuhi nitauzunguka ua. Sisikii, lakini macho ninayo, na miguu ya kuzungukia inatosha. Mwambie Mwenyekiti atutafutie mipira, mingi, na safari hii kila mtoto anayepewa aambiwe kwa nini. Wataalamu tutawaandikia tena, mimi na wewe, na wakijibu pamesafishwa tutawaalika waje wachukue jembe.

Jembe lenyewe liache. Hata upepo ukiliangusha usimruhusu mtu. Walio na hofu watalitazama, na wasio na hofu ndio hasa wanaopaswa kulitazama. Ile sura usiitupe. Andika upya, neno ni lile lile alilokuambia Tarumbeta, ila chini yake uandike lilikuwa na maana gani, na jina la baba yako uliweke pale pale kwenye jiwe jeupe. Maua yake yabaki upande wa huku wa ua. Ataelewa.

Hasira yako naipokea. Hukukosea kuwa nayo. Hata mimi nina yangu kidogo, maana nimemtumia marehemu salamu kupitia kwako mwaka mzima nikimuuliza habari za mgongo wake.

Basi tufanye mapatano kabla sijafika. Wewe usiniletee tena salamu za aliyekufa, nami sitakuambia tena mpira ni mpira tu.

Mwambie Chiriku nakuja na peremende yake.

Baba yako mkubwa,
Sikio